Uonevu shuleni kwetu: maswali mnayotuuliza kila mwaka

Kila Januari ni vilevile. Matranka ya kidato cha kwanza yanashushwa getini, mama anamkumbatia mwanawe mara ya tatu, baba anajifanya anaangalia ziwa, kisha daladala inaondoka. Wiki mbili baadaye simu ya ofisi ya malezi inaanza kuita. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi: ya wazazi, ya wanafunzi, na machache ya walimu walioyauliza mlango ukiwa umefungwa. Mimi ni mwalimu wa malezi wa shule hii ya kanisa, ya bweni na kutwa, ufukweni upande wa Ilemela, Mwanza. Mkuu wa shule ameyasoma majibu yote. Tulipopishana nimesema.

Uonevu ni nini hasa? Si utani tu wa watoto?

Sisi tumekulia kwenye utani, kwa hiyo swali lina haki yake. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutukanana msibani mpaka mgeni akashika kichwa, na asiumie mtu. Lakini utani una kanuni zake. Mtani hujibiwa: ukinirushia nakurushia, na wote tunacheka. Mtani ndiye huyo huyo anayekuja kubeba jeneza na kupika uji wa waombolezaji. Na mtani akiona neno limegusa kidonda, huliacha.

Uonevu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Unakwenda upande mmoja, unarudiwa, na anayefanyiwa hawezi kujibu kwa sababu ni mdogo, ni mgeni, yuko peke yake, au anamtegemea huyo huyo anayemwonea. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Sweden na Norwei miaka ya 1970, alitumia vipimo vya aina hiyo: nia ya kuumiza, kurudia, na nguvu zisizolingana. Bwenini mimi hutumia kipimo kifupi zaidi. Mwenzako akikwambia "basi, imetosha," unaacha? Kama huachi, huo si utani.

Watoto wawili wenye nguvu sawa waliozipiga kwa sababu ya mpira hawajaoneana. Wamegombana. Nao wanaadhibiwa, ila kwa njia nyingine.

Hii si shule ya Kikristo? Mambo hayo yanatoka wapi?

Yanatoka kwa watoto. Yusufu alitupwa shimoni na ndugu zake wa damu, wana wa Yakobo, mtu aliyemjengea Mungu madhabahu. Shule inayosema "kwetu hakuna" ni shule ambayo watoto wake wameshaacha kusema.

Naongeza jambo lililonichukua miaka kulikiri. Shule ya kanisa ina maficho yake yenyewe. Kwingine mbabe anajificha nyuma ya ngumi. Kwetu anajificha nyuma ya maneno mazuri. Heshima kwa wakubwa. Upendo wa kindugu. Msamaha. Nimewahi kumshika kijana anayeongoza maombi vizuri kuliko mimi akiwakusanyia wadogo sukari yao kila Jumapili jioni na kuiita "fungu la kumi la njuka", yaani la wageni wa kidato cha kwanza. Wenzake walicheka. Mimi mwenyewe nusura nicheke.

Hutokea wapi na saa ngapi?

Penye watoto wengi na mtu mzima hayupo. Foleni ya bomba na bafu alfajiri. Foleni ya ugali bwaloni. Ile nusu saa kati ya mwisho wa prepo, masomo ya jioni, na taa kuzimwa. Viti vya nyuma vya basi la shule, hasa safari ndefu za Igoma na Buhongwa. Na mawe. Mwanza ni jiji la mawe, na eneo letu lina majabali makubwa kama nyumba. Wageni huyapiga picha, sisi tunajua yanaficha nini. Siku hizi mwalimu wa zamu ana njia ya kupita katikati ya mawe hayo kila mapumziko, badala ya kukaa ofisini na daftari la mahudhurio.

Kalenda nayo ina siku zake: majuma sita ya kwanza ya mwaka, na juma linalofuata siku ya wazazi kutembelea, matranka yakiwa bado yamejaa karanga na biskuti.

Ni watoto gani huonewa zaidi?

Anayeonekana tofauti na asiye na wa kumtetea. Tunawajua. Mtoto aliyetoka kambi ya uvuvi anaambiwa ananuka dagaa, dagaa hao hao tunaokula sote bwaloni na kuomba nyongeza. Mtoto wa Kwimba au Magu ambaye Kiswahili chake kina Kisukuma ndani, akisimama kujibu swali nusu ya darasa inamwigiza. Yule anayerudishwa nyumbani kwa ada. Yule anayekojoa kitandani. Matroni sasa humwamsha saa sita usiku kimyakimya, na godoro lake huanikwa nyuma ya zahanati, si mbele ya bweni. Msichana aliyechafua sketi. Tangu tuweke taulo za kike na sketi za akiba kwa matroni, na tuwafundishe wavulana somo lile lile, kicheko kimepungua sana.

Wenye ualbino nawataja peke yao. Wapo wanafunzi wanaowaita "dili" na kudhani ni mzaha. Kanda yetu ya Ziwa ni mahali ambapo watu waliuawa na kukatwa viungo kwa imani ya kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri kwenye uvuvi na machimbo, na neno hilo ndilo lililowageuza kuwa bidhaa. Kumwita mtoto hivyo ni kumkumbusha kwamba anawindwa. Hapa halihesabiwi utani hata mara ya kwanza, na mzazi wa aliyelitamka huitwa siku hiyo hiyo. Kuficha kofia ya mtoto huyo au mafuta yake ya kukinga jua ni kumdhuru mwili, si kumchezea.

"Sisi tulifua nguo za kidato cha nne na tukawa watu."

Hili si swali, lakini halikosi kwenye kikao cha wazazi, mara nyingi kutoka kwa baba aliyevaa suti.

Na mimi nilifua, mzee wangu. Mwaka mzima niliwachotea maji wakubwa wawili, ndoo kwa ndoo, nikajifunza kuamka saa tisa usiku na kutambua mtu kwa sauti ya viatu vyake kabla hajafika mlangoni. Nilipofika kidato cha tatu nikamtafuta wa kwangu wa kumtuma. Hayo ndiyo mafunzo niliyoyapata, na huyo niliyemtuma sikumwomba radhi mpaka tulipokutana kwenye kivuko cha Kamanga, sote tuna mvi.

Kwa hiyo njuka hatumwi na mwanafunzi mwingine kufua, kuchota, kutandika wala kumpangia mtu foleni. Kazi za usafi hupangwa na patroni kwa orodha iliyobandikwa ukutani, na kidato cha nne wamo. Heshima inabaki: kusalimia, kupisha mlangoni, kuita kaka na dada. Bado sijamwona mtoto aliyekosa adabu maishani kwa sababu hakufua soksi za mtu.

Mwanangu haongei. Nitajuaje?

Angalia vitu vinavyo "potea". Sabuni, shuka, jozi ya pili ya viatu ndani ya muhula mmoja. Hela ya matumizi inayoisha wiki ya kwanza. Tumbo au kichwa kinachouma kila Jumapili jioni na daktari haoni kitu. Mtoto wa kutwa anayefika nyumbani mbio akielekea chooni, kwa sababu cha shule hakikanyagi. Anayekula kama hajaona chakula tangu asubuhi. Anayeomba kutoka bweni kwenda kutwa na kusema chakula ni kibaya. Chakula chetu si cha kusifia, nakubali, lakini sababu hiyo ichunguze.

Usimuulize "nani anakuonea?" Kwa umri huo, kukiri kwamba unaonewa ni aibu kuliko kuonewa kwenyewe. Muulize anakula na nani bwaloni. Nani analala kitanda cha juu yake. Mapumziko huwa anakaa wapi. Kisha nyamaza. Watoto wengi husema zaidi mkiwa mnachambua mchele pamoja kuliko mkikaa sebuleni mnatazamana.

Akisema amechoka kuishi, au ukimwona anagawa vitu vyake anavyovipenda, usingoje Jumatatu. Usimwache peke yake hata dakika, na mpeleke hospitali. Bugando kuna idara ya afya ya akili. Usimwogope jirani atakayesema umempeleka kwa vichaa.

Mimi ni mwanafunzi. Nikisema nitaitwa mnoko. Nifanyeje?

Mwanangu, kuchongea ni kumsema mwenzako ili apate adhabu. Kutoa taarifa ni kusema ili mtu awe salama. Wanaokuita mnoko wanajua tofauti hiyo vizuri, ndiyo maana wanaifuta.

Mwambie mtu mzima yeyote unayemwamini, si lazima mimi. Mama zetu wawili wa jikoni hupokea habari nyingi kuliko ofisi yangu, na wanajua wazilete wapi. Sanduku la maoni tumelitoa mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, ambako kila aliyelisogelea alihesabiwa. Sasa liko ndani ya maktaba, karibu na rafu ya kamusi. Ufunguo ninao mimi na matroni. Karatasi isiyo na jina tunaisoma. Peke yake haitoshi kumwadhibu mtu, lakini inatuonyesha pa kutazama. Jina lako halitatajwa paredi.

Siri kamili sitakuahidi. Kama uhai au mwili wako uko hatarini nitamwambia mkuu wa shule na mzazi wako, na wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa kwamba nakwenda kusema. Ukiwa likizo, au usipotuamini, piga 116. Ni simu ya watoto, haina malipo.

Na wewe unayetazama tu. Mbabe bila watazamaji hana kazi. Huhitaji kumkabili wala kumtishia. Mfuate yule anayeonewa, mshike mkono, sema "twende, mwalimu anakuita," mwondoke. Uongo huo nimeusamehe mapema.

Mkishapata taarifa, nini kinafuata?

Usalama kwanza, siku hiyo hiyo kabla ya giza. Kama ni lazima mtu ahame bweni, anahama anayetuhumiwa. Zamani tulikuwa tunamhamisha aliyeonewa "ili apumzike", na shule nzima ilielewa nani ameshindwa.

Kisha tunasikiliza. Aliyeonewa kwanza, peke yake, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanaotuhumiwa wanaandika wote kwa wakati mmoja, vyumba tofauti, wasije wakapanga maneno njiani. Mashahidi wanafuata. Wazazi wa pande zote mbili wanapigiwa simu ndani ya saa 24, na kila kitu kinaingia kwenye daftari: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, hata yakiwa machafu. Kamati ya nidhamu inaamua kwa uzito wa jambo. Kilichochukuliwa kinarudishwa au kinalipwa, cheo kinavuliwa, wengine husimamishwa masomo, na kufukuzwa ni uamuzi wa bodi.

Sehemu tuliyokuwa tunashindwa ni baada ya hapo. Kesi ikifungwa kila mtu anapumua, mbabe anatulia wiki moja, kisha analipa deni. Sasa ninamwona aliyeonewa siku ya tatu, wiki ya pili, mwisho wa mwezi na wiki ya kwanza ya muhula unaofuata. Simwiti kwa kipaza sauti. Tunakutana kwenye kurudisha vitabu maktaba.

Biblia inasema tugeuze shavu la pili na tusamehe saba mara sabini. Kwa nini hamwapatanishi siku hiyo hiyo?

Tuliwahi. Nilikuwa nafundisha shule nyingine ya kanisa wakati huo. Wasichana wawili, mmoja wa kidato cha tatu na mmoja wa kwanza, walisimamishwa mbele kwenye ibada ya asubuhi. Mkubwa akasema samahani, mdogo akasema nimekusamehe, wakakumbatiana, shule ikapiga pambio na makofi. Mimi ndiye niliyeanzisha pambio. Usiku huo mdogo alimwagiwa ndoo ya maji kitandani na kuambiwa: "Si umesamehe? Nyamaza basi." Alinyamaza muhula mzima. Tulichofanya asubuhi ile ni kumziba mdomo mtoto kwa Neno la Mungu.

Tangu hapo najitahidi kusoma maandiko mpaka mwisho wa mstari. Luka 17:3 ina mpangilio wake: ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Onyo na toba vimetangulia. Mathayo 18, sura ile ile ya saba mara sabini, mapema kabisa ina jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo. Zakayo hakuomba radhi tu, alisema atarudisha mara nne. Kwa hiyo sukari ya watu irudi kwanza.

Na shavu? Bwana mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya Anasi hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimuuliza aliyempiga: kama nimesema vema, wanipigia nini? Iko Yohana 18:23. Paulo na Sila walipochapwa Filipi bila hukumu, Paulo alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Kutolipiza kisasi ni jambo moja. Kuficha kosa ni jambo jingine, na hilo Biblia haikutuagiza.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kiroho. Ukiwaketisha meza moja, mwenye nguvu atasema na asiye na nguvu atakubali. Usuluhishi unafaa kwa waliogombana, si kwa aliyeonewa na aliyemwonea.

Hapa ndipo mkuu wa shule na mimi tunapishana. Yeye angependa kila kesi iishie kwenye maombi ya pamoja kabla ya shule kufungwa. Mimi nasema msamaha ni wa aliyeumizwa, hatuna ruhusa ya kumpangia ratiba. Tumefikia mahali hapa: mtoto anaulizwa peke yake kama yuko tayari, na akisema hapana, hapana hiyo haiandikwi popote wala haisimuliwi kwenye mahubiri.

Kwa nini msimcharaze tu viboko huyo mbabe?

Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Kiranja hayumo. Kaka mkuu anayetembea na fimbo bwenini ameshavunja kanuni kabla hajamgusa mtu.

Kwa kosa hili hatuchapi. Mbabe anaamini jambo moja, kwamba mwenye nguvu humpiga asiye nazo. Tukimchapa tunamwambia yuko sahihi, ila asubiri akue. Na viboko vya mchana hulipwa usiku na yule aliyesema. Najua Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe; nimesomewa mara nyingi hapa ofisini.

Mmeniita kuniambia mwanangu ndiye anayeonea wenzake. Haiwezekani.

Karibu ukae kwanza, mama. Karibu kila mzazi husema hivyo, na wengi wanasema kweli kwa kadiri wanavyomjua mtoto wa nyumbani. Wa bwenini ni mwingine.

Tunaomba mambo matatu ambayo ni magumu. Usimpige mbele yetu ili kutufurahisha. Usimtetee akiwa anakusikia. Na ukifika nyumbani jiulize nani humpiga nani, nani hutukanwa mezani, kaka mkubwa humfanyia nini mdogo. Wengi wa waonevu niliowashughulikia walikuwa wameonewa mahali, wakati mwingine hapa hapa, mwaka wao wa kwanza. Barua yetu haitamwita mbabe. Itataja alichofanya na lini.

Tafadhali usije na zawadi. Sato waliokaushwa vizuri tulilazimika kuwarudisha mwaka mmoja, na harufu ilibaki ofisini siku tatu.

Anayemwonea ni mwalimu. Au kiranja. Au matroni.

Kumpa mtoto jina la kebehi darasani ni uonevu. Kumsimanga kwa ada ya baba yake mbele ya wenzake ni uonevu, hata kama ada kweli haijalipwa. Panda ngazi moja juu ya mhusika: mkuu wa shule; kama mhusika ni yeye, meneja wa shule au bodi. Ukiona mlango umefungwa, nenda kwa afisa elimu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, huhitaji ruhusa yetu. Mchungaji wa kanisa lako anaweza kukusindikiza, lakini barua andika wewe. Kiranja anayetuhumiwa huweka cheo pembeni uchunguzi ukiendelea.

Ni lini jambo linakwenda polisi?

Mapema kuliko watu wa kanisa wanavyopenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa wake. "Tumalizane kifamilia" si hatua ya kisheria.

Mtoto akijeruhiwa, tunamkimbiza kwenye matibabu na kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni. Akifanyiwa ukatili wa kingono, na mwanafunzi mwenzake au na mtu mzima, hatuitishi kikao cha wazee. Hospitali kwanza, haraka na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinahitaji kuanza ndani ya muda huo. Asioge, nguo zisifuliwe. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Maombi tutafanya, garini, tukiwa njiani.

Likizo watoto wanaoneana kwenye magrupu ya WhatsApp. Hilo nalo ni lenu?

Ni letu. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini kilichoandikwa Desemba kinaingia bwenini Januari pamoja na tranka. Usifute, usijibu matusi kwa matusi; piga skrinishoti zinazoonyesha jina na tarehe, utuletee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautaja uonevu wa mtandaoni kuwa kosa, na watoto hushtuka sana kusikia hivyo.

Isipokuwa picha za utupu. Hizo usinitumie mimi wala mtu mwingine, hata kama ushahidi. Peleka simu yenyewe polisi.

Binti yangu anaanguka na kupiga kelele usiku. Wanasema ni mapepo.

Tutaomba naye, kama mnavyotaka. Pia tutampeleka kwa daktari, na nitauliza nani analala jirani yake na kitu gani kilitokea kabla ya usiku wa kwanza. Mara mbili nimekuta jibu liko kwenye kitanda cha jirani. Tunachokataza ni kundi la wanafunzi kumzunguka wakimkemea usiku kucha, kisha asubuhi kumwita "mwenye majini".

Nimfundishe kurudisha ngumi?

Hapana. Mfundishe kupiga kelele, kukimbilia penye watu, na kusema. Akirudisha ngumi akiwa amezibwa kona sitamfukuza, lakini usiufanye huo ndio mpango.

Je, nimhamishe shule?

Wakati mwingine ndiyo. Kama umeripoti, tumechelewa, na mtoto anazidi kusinyaa, mhamishe. Afya yake ni kubwa kuliko jina letu, na uhamisho tutausaini bila kukuzungusha. Ila usihame kabla hujatueleza kilichotokea, maana kitanda anachokiacha kitalaliwa na mtoto wa mtu mwingine.

Baba yake ni mvuvi, mimi niko Ukerewe. Kikao tutafikaje? Na nikija bila miadi?

Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa sababu taa zao hazivuti samaki chini ya mwezi mpevu. Vikao vya wazazi tunavipanga siku hizo, na akina baba wameanza kuonekana. Wa Nansio usipoteze nauli ya meli kwa jambo linaloweza kuanza kwa simu. Piga, tutazungumza, na ukihitajika kuja tutapanga kwa ratiba ya meli.

Ukija bila miadi utapokelewa. Mlinzi ameelekezwa: mzazi akisema "nakwenda ofisi ya malezi", hamuulizi sababu wala haandiki jina la mtoto kwenye daftari la getini. Pita bwalo, mlango wa pili baada ya maktaba, ule unaotazama ziwa. Kama nipo darasani, matroni ana ufunguo, na birika la chai liko chini ya meza.